Maji Kwenye Tangi la Ile Bora

Katika miaka ishirini na miwili aliyosimama kwenye pampu za petroli, Mama Jaza aliulizwa swali moja mara nyingi kuliko alivyoulizwa hali yake. Mteja anateremsha kioo, anatazama bei mbili zilizoandikwa juu ya pampu, anakuna kidevu, kisha anauliza: hivi hii ya bei kubwa ina maana yoyote, au ndiyo kutuibia tu? Na Mama Jaza, mwanamke mwenye uso wa mviringo ambao haukujua kudanganya mpaka ulipofundishwa kazini, anajibu kama alivyoelekezwa: "Hii inasafisha injini, ndugu yangu. Utaona tofauti mwenyewe."

Jina walimpa madereva. Wahudumu wenzake huuliza, "Ya kiasi gani?" Yeye tangu siku ya kwanza aliuliza, "Nijaze?" Aliuliza hivyo hata alipokuja mtu na pikipiki iliyochoka, mfukoni ana pesa ya kumfikisha kona inayofuata tu. Watu wakacheka, jina likamganda. Marehemu mume wake alikuwa akimmiminia chai asubuhi huku anamtania, "Nijaze?" Baada ya mume kufariki hakuna aliyemmiminia chai tena, lakini jina lilibaki.

Kituo chenyewe hakikuwa na makuu. Paa la bati la rangi mbili, pampu nne, sakafu ya zege yenye madoa ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza, ofisi ya kioo ambamo meneja alikaa akiwatazama, na nyuma yake chumba cha makabati ya chuma walimobadilishia nguo. Harufu ya petroli ilikuwa imeingia mpaka kwenye mkoba wake. Akifika nyumbani alinawa kwa sabuni ya unga mpaka viganja vinachubuka, na bado mkate alioushika ulinuka kazi.

Petroli ilikuwa ya aina mbili. Wateja walisema "ya kawaida" na "ya bei". Meneja alichukia hilo neno la pili kupita kiasi, akapiga marufuku. Aliwaita wahudumu wote, akawapanga mstari kama wanafunzi waliochelewa, akasema kuanzia leo hakuna ya bei hapa. Iitwe "ile bora". Kisha akatundika ubao ofisini wenye majina yao, na kila jioni akaandika nani ameuza lita ngapi za ile bora. Atakayeshika mkia miezi miwili mfululizo, unga wake umemwagika. Wawili walikuwa wamekwisha kuondoka kwa njia hiyo. Mmoja alikuwa msichana mwema sana ambaye kosa lake lilikuwa kuwaambia watu ukweli.

Ukweli huo Mama Jaza aliujua kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye aliyepima matangi. Kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla magari hayajaanza kupanga foleni, alifungua mfuniko wa chuma ulio chini ya zege, akateremsha fimbo ndefu yenye alama za namba, akaitoa na kusoma mafuta yameishia wapi. Ncha ya fimbo aliipaka dawa nzito ya kahawia. Dawa ile ikigusa petroli haifanyi lolote. Ikigusa maji inakuwa nyekundu, na wekundu unapanda kadiri maji yalivyopanda. Kazi hiyo aliipenda. Fimbo haikuwa na maneno matamu, ilisema kilichomo.

Na fimbo ilimwambia hivi. Tangi la kawaida lilishuka kila siku, na lori lilikuja kulijaza kila baada ya siku mbili. Tangi la ile bora lilishuka upana wa kidole kwa wiki, kwa sababu wanunuzi walikuwa wachache. Mafuta yaliyomo yalikaa miezi, mengine yalikuwa na umri wa mtoto anayetambaa. Kwa hiyo waliolipa zaidi walikuwa wanauziwa petroli iliyolala zaidi. Jambo hilo lilimchekesha mwanzoni. Baadaye lilimkera, na mwishowe alilizoea kama alivyoizoea harufu.

Katika wanunuzi wachache wa ile bora, mmoja alikuwa kaka yake.

Kaka huyu alikuwa msomaji wa mita za maji. Miaka thelathini alitembea kwa miguu, nyumba hadi nyumba, daftari kwapani, akifukuzwa na mbwa wa watu. Alipostaafu alichukua kiinua mgongo chake, akanunua gari dogo la kijivu, kuukuu, mlango wa nyuma unafungwa kwa kuubamiza mara mbili. Mkewe alilia siku mbili kwa sababu alitaka wamalizie nyumba. Yeye akasema miguu yake imetosha, na isitoshe gari lina kazi maalumu. Mama yao alikuwa amebaki peke yake kijijini, nyonga imemwisha, basi la abiria haliwezi. Angeandaliwa chumba, gari likae sawa, kisha aletwe mjini akae na wanawe. Kaka alisema hivyo kila alipokuja, mpaka wote wakaamini ni jambo lililokwisha kutendeka.

Fundi aliyelikagua gari alimwambia mapema. "Mzee, hii injini yako haibani hewa na mafuta kwa nguvu sana. Mafuta ya bei ni ya injini zinazobana kwelikweli. Hii ukiipa ya bei ni sawasawa na kumvalisha mbuzi soksi. Hatakataa, ila hana habari nazo."

"Basi mbuzi wangu atavaa soksi," kaka akajibu.

Hakuwa mjinga. Sababu yake ilikuwa ule ubao. Mama Jaza alikuwa na miaka hamsini na mmoja, magoti yanalalamika, na wasichana wenye sauti za asali walikuwa wanamwacha mbali. Siku moja alimlilia kaka yake kuhusu jambo hilo, na tangu hapo kila Jumamosi saa nne kaka alifika pampu namba nne, shati limepigwa pasi, akateremsha kioo na kutangaza kwa sauti ya kumfikia meneja ndani ya kioo chake: "Ile bora, dada!" Katika wateja wote wa kituo kile, ni yeye peke yake aliyetumia jina alilolitaka meneja. Huyu ndiye aliyemshika mkono siku ya kwanza ya shule, na ndiye aliyemshika mkono siku ya kumzika mumewe. Mama Jaza alimpenda kaka yake kuliko mtu yeyote aliye hai, na Jumamosi ilikuwa siku yake ya kuchana nywele vizuri.

Kisha mvua zikaanza. Mpira wa mfuniko wa tangi la ile bora ulikuwa umepasuka, na asubuhi moja fimbo ikatoka na wekundu wa kidole kimoja. Mama Jaza akaenda moja kwa moja ofisini.

"Bosi, kuna maji kwenye ile bora."

"Kiasi gani?"

"Kidole."

Meneja hakuinua macho. "Bomba linafyonza juu ya sakafu ya tangi, vidole vinne. Kidole kimoja kinakuwasha nini, mama? Andika hakuna."

Akaandika hakuna. Wiki iliyofuata vilikuwa viwili, akaandika hakuna. Kisha vitatu. Kila alipoandika aliona haya, tena haya ya kweli, mpaka mwandiko wake ukawa mdogo. Lakini aliandika.

Ndipo ikanyesha siku tatu bila kupumua, na ilipokatika ilikuwa Jumamosi, siku ya mwisho ya mwezi. Alipima saa kumi na mbili. Akaifuta fimbo, akaipaka dawa upya, akapima tena. Wekundu ulikuwa umepita vidole vinne.

"Lori la kunyonya maji linakuja Jumatatu," meneja akasema. "Nimeshaongea na tajiri mwenye kituo. Leo tunauza kama kawaida."

"Bosi, tukifunga hiyo pampu leo tu..."

"Ukiifunga, utamweleza tajiri wewe mwenyewe. Na ukimaliza kumweleza, upitie hapa usome ubao." Mama Jaza hakuhitaji kuusoma. Mwezi uliopita alishika mkia. Mwezi huu alikuwa anautafuta.

Mama Jaza akapanga la kwake kimya kimya. Leo hataitaja ile bora. Kila atakayekuja atawekewa ya kawaida, na anayetaka ya bei atadanganywa kwamba imeisha. Mpango ukaenda vizuri asubuhi nzima, kwa sababu hakuna aliyeiulizia. Akaanza hata kupumua. Akasahau, au alijisahaulisha, kwamba ni Jumamosi.

Saa nne kamili gari la kijivu likaingia, limeoshwa linang'aa. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na mto mweupe na blanketi. Kaka alitoka kabisa nje ya gari, jambo ambalo hakulifanya siku nyingine, akafungua mikono kama mtu anayeonyesha nguo mpya.

"Leo ndiyo leo! Namfuata mama. Nimempigia asubuhi, ameshafunga mzigo. Ile bora, dada! Na leo jaza!"

Meneja alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi na kikombe chake mkononi.

Mama Jaza akasogea karibu. "Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "leo weka ya kawaida."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Maneno matatu tu, kuna maji ndani, na kila kitu kingekwenda upande mwingine. Akamtazama meneja, akamtazama kaka.

"Safari ni ndefu," akasema. "Usitumie pesa nyingi bure."

Kaka akacheka, akamfinyia jicho. "Acha kunionea huruma, wewe. Mwezi unaisha leo, si ndiyo? Najua ninachofanya." Kisha akageukia ofisini na kupaza sauti: "Jaza, dada! Ile bora!"

Alidhani dada yake anamhurumia, na kwa hilo akampenda zaidi. Ilionekana usoni mwake. Mama Jaza akachukua mpira wa pampu. Alijiambia labda fimbo imekosea. Labda maji bado hayajafika mdomo wa bomba. Labda matone mawili matatu, gari lingekohoa kidogo na kuendelea. Mtu akitaka kujidanganya hakosi labda. Akajaza mpaka pampu ikajikata yenyewe, akafunga kifuniko, akakigonga kwa kiganja kama alivyozoea, na kaka akaondoka akipunga mkono nje ya dirisha.

Gari lilizimika njiani, kabla ya nusu ya safari, mahali pasipo na nyumba. Kaka akaliwasha, likawaka, likafa. Akaliwasha tena na tena, kwa kuwa hakujua lingine la kufanya, mpaka betri ikaisha. Kijijini mama yao aliketi mlangoni na mzigo wake miguuni tangu saa sita hadi giza lilipoingia. Jirani alimwomba aingie ndani, akakataa, akasema mwanangu akifika asinikute sijajiandaa.

Fundi alilivuta gari kwa kamba. Pampu ya mafuta iliyo ndani ya tangi ilikuwa imeungua, nozeli zimeharibika, na injini yenyewe haikuwa na hali. Vipuri vyake vilizidi thamani ya gari. Kaka alihangaika wiki tatu, kisha akamwachia fundi alikate, auze vipande. Alibaki na ule mto mweupe.

Siku aliyokuja nyumbani kwa dada yake kumweleza hayo, Mama Jaza alikuwa amejiandaa kwa lolote. Alikuwa tayari kutukanwa. Kaka akaketi, akavua kofia, akasema:

"Kosa ni langu, dada. Jumatano ile, kabla ya safari, niliweka ya kawaida kwenye kituo cha kule sokoni. Gari lilishazoea ile bora. Likakataa."

Mama Jaza alijua kwamba hakuna injini inayokufa kwa sababu hiyo. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameijua petroli kwa fimbo na kwa pua. Alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Pole, kaka," akasema.

Akamruhusu aondoke na kosa lisilo lake. Usiku ule na siku zilizofuata alijichukia, akajitetea, akajichukia tena. Kazi ilibaki yake, maana lile tangi la gari la kaka lililojazwa Jumamosi ile lilimtoa mkiani kwa lita chache. Lori nalo lilikuwa limekuja Jumatatu ile ile, likanyonya maji yote, mpira wa mfuniko ukabadilishwa, na fimbo ikaanza kutoka safi.

Jumamosi iliyofuata mazungumzo yale, saa nne, kaka alifika kituoni kwa miguu. Mkononi alikuwa na dumu la lita tano. Alikuwa na kipampu kidogo cha kumwagilia mboga nyuma ya nyumba, na kipampu hicho kingeweza kunywa chochote. "Ile bora, dada!" akatangaza, kwa sauti ile ile. Akaja Jumamosi nyingine, na nyingine. Mama Jaza alimwekea huku macho yake yako kwenye namba zinazozunguka. Na kila Jumapili mama yao alipiga simu, na kabla ya salamu kuisha aliuliza, "Gari limepona?" Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba limeshakatwa. Mzigo wake, jirani alisema, ulikuwa bado nyuma ya mlango, umefungwa.

Ikapita miezi mitatu. Ndipo fundi, akiwekewa ya kawaida kwenye pikipiki yake, akaropoka. Mtu yule hakuwa na breki mdomoni.

"Kaka yako ana moyo, Mama Jaza. Ingekuwa mimi, kituo hiki kingefungwa."

"Kwa nini?"

"Hakukwambia? Mafuta ya kwenye gari lake niliyatoa nikayatia kwenye chupa. Yalipotulia, theluthi nzima chini ilikuwa maji. Nikamwambia, mzee, twende nayo hii hii tukawaonyeshe. Akaniapisha nisitie mguu hapa na chupa ile. Akasema tukienda, wa kwanza kufukuzwa ni dada yake."

Mama Jaza alishikilia nguzo ya pampu. Kumbe alijua. Ile hadithi ya Jumatano, ya gari kuzoea, aliitunga makusudi. Siku nzima alitembea nayo, na cha ajabu, jioni alipokuwa akinawa alihisi wepesi ambao hakuwa nao tangu zile mvua. Kaka alijua, akasamehe, na akaendelea kuja na dumu lake. Hakukuwa na cha kuficha tena. Kilichobaki ni kusema tu, walie wote wawili, yaishe. Alilala usingizi mzito kuliko alivyolala kwa muda mrefu.

Jumamosi alichana nywele. Saa nne kaka akaja, jasho limemlowesha mgongo, akaweka dumu chini.

"Ile bora, dada!"

Mama Jaza hakugusa mpira. "Kaka, fundi kaniambia. Kumbe ulijua kuhusu maji."

Kaka akatikisa kichwa, akacheka kidogo. "Yule bwana, mdomo wake! Basi, sahau. Nilitunga lile la kawaida usije ukajilaumu bure. Vitu vya chini ya ardhi, mtu wa pampu atavijuaje?"

"Nashukuru, kaka." Machozi yalikuwa yameshafika, na kwa sababu ya ule wepesi hakusikia alichoambiwa. "Nashukuru sana. Moyo umeniuma tangu asubuhi ile nilipopima."

Mkono wa kaka ulikuwa kwenye kifuniko cha dumu, akikifungua. Ukasimama.

"Ulipopima lini?"

"Jumamosi ile."

"Kabla sijafika," akauliza taratibu, "au baada?"

Mama Jaza akaona sasa alipokuwa amekanyaga. Angeweza kusema baada. Lilikuwa neno dogo, na kaka angelipokea kwa mikono miwili, alikuwa analisubiri. Lakini uso ule wa mviringo ulikuwa umechoka.

"Kabla," akasema.

Kaka akalitazama dumu. Alilitazama muda mrefu, kama anayesoma mita iliyofifia namba.

"Mimi nilimwapia fundi kwamba hukujua," akasema. "Aliniambia lazima alijua, hawa hupima kila asubuhi. Nikataka kumpiga. Nikaapa kwa mama."

Nyuma yao pikipiki ikapiga honi. Meneja akachungulia. Mama Jaza alitaka kusema kuhusu ubao, na kwamba alimnong'oneza, na kwamba alijaribu, na yote yalikuwa kweli.

Kaka akainama, akaliokota dumu, akalihamisha kutoka upande wa kulia wa pampu, akaliweka upande wa kushoto.

"Niwekee ya kawaida," akasema, kwa sauti ambayo haikufika popote.

Mama Jaza akachukua mpira wa upande ule. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe, na mdomo nao ukauliza kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili:

"Nijaze?"

"Hapana," kaka akasema. "Lita moja tu."

Akamwekea lita moja.